Nasaba ya Daftari na Nasaba ya Damu: Uanuwai wa Kijenetiki Miongoni mwa Mbari za Farasi

Utangulizi

Mtu anayehudhuria mashindano ya mbio za farasi katika uwanja wa Ngong, jijini Nairobi, hupata kijitabu chenye orodha ya farasi watakaoshindana. Pamoja na jina la kila farasi pameandikwa majina mengine mawili: la baba na la mama. Mgeni huyapita majina hayo bila kuyatazama, ilhali aliyezoea huanzia hapo kusoma. Kwake yeye nasaba ni hoja. Anaamini, kama walivyoamini wahenga waliosema kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka, kwamba mbio za baba zitajitokeza kwa mwana. Farasi wanaoshindana hapo ni wa mbari iitwayo Thoroughbred, na lau mtu angeyafuata majina ya baba kizazi baada ya kizazi, angejikuta Uingereza mwanzoni mwa karne ya 18, mbele ya farasi dume watatu tu.

Jambo hilo ndilo linaloibua swali la makala haya. Je, nasaba iliyoandikwa daftarini inalingana na nasaba iliyomo damuni? Na mbari inapofungiwa mlango kwa miaka 200 au 300 ili ibaki safi, hupata nini na hupoteza nini? Yapo mambo ambayo wafugaji waliyashikilia kwa fahari kwa karne nyingi ambayo sayansi ya jenetiki imeyathibitisha, na yapo ambayo imeyakanusha kabisa.

Kuhusu istilahi

Kabla ya kuendelea, inafaa tuelewane kuhusu maneno machache, maadam Kiswahili hakijawa na mazoea makubwa ya kumjadili mnyama huyu. Farasi alifahamika katika mwambao wetu kwa jina lenye asili ya Kiarabu, na anatajwa katika tenzi za kale za vita, lakini bara hakuenea. Mbung'o alimzuia. Ugonjwa wa nagana unaoenezwa na mdudu huyo humuua farasi upesi, na yapo pia maradhi mengine ya farasi ya Kiafrika yanayoenezwa na visubi. Ndiyo maana pana maneno mengi ya kumweleza ng'ombe, rangi yake na pembe zake, lakini machache ya kumweleza farasi. Hata mwana wa punda dume na farasi jike ana utata: wengine humwita baghala, wengine nyumbu, na huyu wa pili huchanganywa na nyumbu wa Mara, ambaye hana udugu wowote naye.

Neno mbari limetumika hapa kwa maana ya kundi la wanyama wa spishi moja waliozalishwa na binadamu kwa makusudi hadi wakafanana kwa umbo na tabia. Wapo wanaopendelea aina, lakini neno hilo ni pana mno, na mbari ina faida ya kubeba dhana ya ukoo ndani yake. Uanuwai wa kijenetiki nao ni wingi wa tofauti zilizomo katika jeni za kundi fulani.

Tofauti hizo hupimwaje? Tuichukulie DNA kama matini ndefu iliyoandikwa kwa herufi nne tu. Matini ya farasi ina herufi zipatazo bilioni 2.7, zilizogawanywa katika kromosomu 64, yaani jozi 32. Kila farasi ana nakala mbili za matini hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Pale nakala hizo zinapotofautiana kwa herufi moja, pana uanuwai; pale zinapofanana kwa mfululizo mrefu, yumkini baba na mama walikuwa ndugu wa karibu, na mfululizo huo wameurithi kutoka kwa babu mmoja. Kwa hiyo, hata farasi mmoja pekee, asiyejulikana alikotoka, anaweza kutuambia mengi kuhusu ndoa za wazazi wake.

Matini ya kwanza kamili ilichapishwa mwaka 2009. Ilitokana na farasi jike wa Thoroughbred aitwaye Twilight. Baada ya hapo watafiti hawakulazimika tena kusoma kila herufi, kwani walitengeneza kifaa kinachosoma nukta zipatazo 54,000 ambazo hujulikana kutofautiana baina ya farasi na farasi. Kwa kifaa hicho, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwachunguza farasi 814 wa mbari 36.

Matokeo yake yalifuata ramani na historia kwa kiasi kikubwa. Shire na Clydesdale, farasi wakubwa wa kukokota mizigo kutoka Uingereza na Uskoti, walikaa pamoja. Andalusian wa Uhispania na Lusitano wa Ureno walikaa pamoja. Farasi wadogo wa Shetland na wale wa Iceland walionekana kuwa jamaa, jambo ambalo halimshangazi anayekumbuka safari za mabaharia wa Skandinavia katika visiwa vya kaskazini. Quarter Horse na Paint wa Marekani walikaribiana hata ikawa vigumu kuwatenga, kwa kuwa wa pili alitokana na wa kwanza na hutambulishwa kwa mabaka ya ngozi yake. Hata hivyo, sehemu kubwa zaidi ya tofauti zote zilizopimwa haikuwa baina ya mbari na mbari, bali ndani ya kila mbari. Umbo la farasi hudanganya. Jeni chache mno zinaweza kumfanya mmoja awe jitu na mwingine awe kibeti, huku matini iliyobaki ikikaribia kufanana.

Uanuwai mkubwa zaidi ulipatikana kwa farasi wa Mongolia na wa Tuva, ambao hawana sifa yoyote katika viwanja vya maonyesho. Hawa ni farasi wa wafugaji wa kuhamahama. Hawakufungiwa katika daftari, na idadi yao ni kubwa. Miongoni mwa waliokuwa na uanuwai mdogo ni Clydesdale na Thoroughbred.

Mama wengi, baba wachache

Ili kuelewa kwa nini hali iko hivyo, hatuna budi kurudi nyuma. Mwaka 2021, kundi la watafiti lililoongozwa na Ludovic Orlando wa Toulouse, Ufaransa, lilichapisha uchambuzi wa DNA ya mabaki ya farasi 273 wa kale. Lilionyesha kuwa farasi wote wa kufugwa wa leo wanatokana na kundi lililoishi katika nyika za magharibi ya Eurasia, eneo la mito ya Volga na Don. Kundi hilo lilianza kuenea miaka ipatayo 2000 K.K., na katika karne chache likachukua nafasi ya karibu farasi wengine wote kuanzia Ulaya hadi Asia. Awali ilidhaniwa kuwa farasi wa Botai, kule Kazakhstan, walioishi miaka ipatayo 3500 K.K., ndio mababu wa farasi wetu. Utafiti wa mwaka 2018 ulibainisha kuwa sivyo: farasi wa Botai ni mababu wa farasi wa Przewalski, yule wa Mongolia aliyekuwa akidhaniwa kuwa farasi mwitu wa mwisho duniani.

Kuna sehemu mbili za urithi ambazo hazichanganyiki. DNA ya mitokondria hutoka kwa mama peke yake, na kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Zikisomwa kwa pamoja, huonyesha jinsi binadamu alivyowatumia majike na madume. Utafiti wa mwaka 2002 uliochunguza DNA ya mitokondria ya farasi 652 ulikadiria kwamba majike wasiopungua 77 waliingizwa kutoka mwituni. Miaka miwili baadaye, watafiti wengine walichunguza kromosomu Y za madume 52 wa mbari 15, wakitarajia kupata tofauti. Katika sehemu waliyoisoma hawakupata hata moja. Herufi zote zililingana!

Sababu si ngumu kuiona. Farasi jike hubeba mimba kwa takriban miezi 11 na huzaa mtoto mmoja, ilhali dume mmoja anaweza kuzalisha makumi ya majike kwa msimu mmoja. Mfugaji akimpenda dume fulani, madume wengine wote huachwa bila uzao, na jina lao la kiume hufia hapo. Kazi iliyofanyika Vienna na kuchapishwa mwaka 2017, ambayo ilisoma sehemu ndefu zaidi ya kromosomu Y, ilifanikiwa kupata tofauti kidogo. Hata hivyo, ilibainisha kuwa karibu madume wote wa mbari za kisasa zilizochunguzwa wanatokana na madume wa Mashariki waliotanda katika kipindi cha miaka ipatayo 700 iliyopita, ama wa Bara Arabu, ama wa Waturkmeni wa Asia ya Kati.

Waarabu watatu wasio Waarabu?

Hapa tunarejea kwa madume watatu tuliowakuta Uingereza. Waliitwa Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian, majina yaliyounganisha wamiliki wao na asili waliyodhaniwa kuwa nayo. Darley Arabian alinunuliwa Aleppo, Shamu, mwaka 1704. Daftari la nasaba la Thoroughbred lilianza kuchapishwa mwaka 1791, na tangu hapo mlango ukafungwa: hakuna anayeandikwa asipokuwa na baba na mama walioandikwa. Uchambuzi uliofanyika Dublin na kuchapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa asilimia 95 ya madume wa Thoroughbred wanafuata ukoo wa kiumeni wa Darley Arabian peke yake. Majike kumi waasisi nao walikuwa chanzo cha asilimia 72 ya koo za kikeni.

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Thoroughbred ni Mwarabu aliyenenepeshwa kwa majani ya Uingereza. Utafiti uliotolewa mwaka 2020, uliochunguza farasi wa Kiarabu 378 kutoka nchi 12, haukupata mchango wowote wa maana wa mbari ya Kiarabu katika jenomu ya Thoroughbred, hata katika kromosomu Y. Ukoo wa kiumeni wa Darley Arabian huingia katika tawi la Waturkmeni. Na ile jeni ya misuli inayohusishwa na kasi katika mbio fupi, ambayo ilibainishwa mwaka 2010, ilifuatiliwa katika utafiti wa miaka miwili baadaye hadi kwa jike mmoja aliyeishi Uingereza takriban miaka 300 iliyopita, na ambaye yumkini alikuwa wa asili ya hapo hapo. Jina lake halijulikani. Madume watatu wamechorwa, wameimbwa na kuandikiwa vitabu, ilhali kasi yenyewe, au walau sehemu yake, ililetwa na jike wa kienyeji ambaye hakuna aliyejali kumwandika.

Msomaji wa isimu historia atakuwa ameshahisi mwangwi fulani. Sisi pia tuna lugha ambayo kwa muda mrefu ilihukumiwa kwa kutazama upande mmoja wa ukoo wake. Wapo waliohesabu maneno ya mkopo, wakayakuta ya Kiarabu kuwa mengi, wakatangaza kuwa Kiswahili ni Kiarabu kilichochanganywa. Ilibidi wanaisimu waoneshe ngeli, viambishi vya kitenzi na msamiati wa msingi. Guthrie alikiweka Kiswahili katika kundi la G42 miongoni mwa lugha za Kibantu, na Nurse na Hinnebusch, katika kazi yao ya mwaka 1993, wakakiweka katika tawi la Sabaki pamoja na Kimijikenda na Kipokomo. Neno farasi lenyewe ni la mkopo, lakini farasi anapokimbia, anakimbia kwa kiambishi cha Kibantu. Simaanishi kwamba lugha hurithiwa kama damu. Ninachosema ni kwamba mwanajenetiki na mwanaisimu hukabiliwa na kishawishi kile kile, yaani kuchukua kile kilichosherehekewa kuwa ndicho asili. Aidha, wote wawili hutumia mchoro wa mti, na wote wawili wanajua kasoro yake: matawi ya mti yakishaachana hayakutani tena, ilhali farasi, kama lahaja za jirani, hukutana usiku.

Daftari nalo si msahafu. Mwaka 2002, uchunguzi wa DNA ya mitokondria ulionyesha kuwa katika baadhi ya koo za kikeni za Thoroughbred wamo farasi ambao hawawezi kuwa wametokana na jike mmoja, ingawa daftari linasema hivyo. Makosa mengi yanadhaniwa kutokea mwanzoni, wakati majike walikuwa wakibadilisha wamiliki na majina kwa urahisi. Siku hizi mtoto wa Thoroughbred haandikwi mpaka DNA ithibitishe wazazi wake.

Gharama ya usafi

Mwaka 2019, Orlando na wenzake walikuwa wamelinganisha jenomu za farasi wa kale na wa sasa na kuonyesha kuwa uanuwai wa farasi haukupungua sana kwa maelfu ya miaka ya kufugwa, bali umeporomoka katika karne mbili au tatu zilizopita. Kipindi hicho ndicho kile cha madaftari ya nasaba. Kwa maneno mengine, hasara haikuletwa na ufugaji wenyewe, bali na wazo la usafi wa damu.

Hasara hiyo ina sura. Miongoni mwa farasi wa Kiarabu kuna ugonjwa unaowanyima watoto uwezo wa kutengeneza kinga ya mwili. Mtoto huzaliwa akionekana mzima, akilindwa na kinga aliyoipata katika maziwa ya kwanza ya mama yake. Kinga hiyo inapokwisha, kila kikohozi humshinda, na kwa kawaida hufa kabla ya kufikisha miezi mitano. Kasoro ya kijenetiki iligunduliwa mwaka 1997: herufi tano zimedondoka katika jeni moja. Mwenye nakala moja mbovu haugui. Huibeba tu kimya kimya. Wabebaji wawili wakikutana, mtoto mmoja kati ya wanne hutarajiwa kuugua. Katika kundi kubwa lenye uanuwai wabebaji wa kasoro ile ile hukutana mara chache, lakini katika kundi dogo lililofungwa hukutana kila mara, kwa kuwa wote ni wajukuu wa mtu mmoja.

Farasi weusi wa Friesian, wa Uholanzi, wanalijua hili vizuri zaidi. Kufikia mwaka 1913 walikuwa wamebaki madume watatu tu katika daftari lao. Mbari hiyo iliokolewa, na leo farasi hao huonekana katika filamu na gwaride, manyoya ya shingo yakipepea. Lakini pamoja na uzuri huo wamerithi ubeti, na pia maji ya kichwani yanayowaua watoto tumboni au wakati wa kuzaliwa na kuhatarisha maisha ya mama. Jeni zinazohusika na magonjwa hayo mawili zilitambuliwa katikati ya muongo wa 2010, na sasa wafugaji huwapima wazazi kabla ya kuwakutanisha.

Wala si lazima mlango ufungwe ndipo madhara yatokee. Upendo wa kupindukia kwa dume mmoja unatosha. Quarter Horse aliyeitwa Impressive, aliyezaliwa mwaka 1969, alikuwa na misuli iliyowapendeza majaji wa maonyesho, na uzao wake ukazagaa Marekani. Pamoja na misuli hiyo alieneza kasoro inayovuruga kiwango cha potasiamu katika damu, ikamfanya farasi atetemeke, aanguke, na pengine afe. Kasoro hii haihitaji nakala mbili, moja inatosha. Chama cha wafugaji wa mbari hiyo kiliacha kuwaandikisha watoto wenye nakala mbili waliozaliwa kuanzia mwaka 2007.

Mtu anaweza kudhani kuwa dawa ni kuwaondoa wabebaji wote mara moja. La hasha. Kumwondoa mbebaji ni kuondoa pia maelfu ya jeni zake nyingine zilizo nzima, na mbari iliyokuwa tayari imepungukiwa huzidi kufukarika. Kwa magonjwa yanayohitaji nakala mbili, njia ya busara ni kumpima kila mzazi na kumkutanisha mbebaji na asiyebeba, kisha kuwapunguza wabebaji polepole. Hili huhitaji uvumilivu ambao soko la farasi halina.

Farasi wa Przewalski ndio wanaotuonyesha mwisho wa njia hii. Mara ya mwisho kuonekana mwituni ilikuwa mwaka 1969, nchini Mongolia. Waliosalia walikuwa katika bustani za wanyama, wote wakitokana na farasi 12 waliokamatwa mwituni pamoja na wachache wenye damu ya farasi wa kufugwa. Uzao wao ulianza kurudishwa Mongolia mwaka 1992. Mwaka 1980 chembe za dume mmoja wa jamii hiyo ziligandishwa kwa baridi kali huko San Diego, Marekani. Miaka 40 baadaye, chembe hizo zilitumiwa kutengeneza mtoto anayefanana naye kijenetiki, kwa sababu dume huyo alikuwa na jeni za waasisi ambazo zimekuwa adimu kwa jamaa zake waliohai. Mtoto huyo alizaliwa Texas tarehe 6 Agosti 2020 na kupewa jina Kurt, na wa pili akazaliwa mwaka 2023 kutokana na chembe zile zile. Kurt ana kromosomu 66, lakini alibebwa tumboni na farasi wa kufugwa mwenye kromosomu 64, ambaye si mama yake kwa damu. Daftari la kimataifa la nasaba ya farasi wa Przewalski hutunzwa katika bustani ya wanyama ya Prague, nalo, kama kile kijitabu cha Ngong, huwaandika baba na mama. Mwenye chembe zile alizaliwa mwaka 1975 na kufa mwaka 1998, na wazazi wa Kurt kwa damu ni wazazi wa farasi huyo.